Maganda na Nusu ya Somo

Shuka za nyumba ya wageni zilianikwa zikiwa nyeupe, zikakauka zikiwa na rangi ya maziwa yaliyozidishwa maji. Ungeitazama moja peke yake usingesema kitu. Lakini mwenye nyumba ya wageni aliitandaza kando ya shuka mpya, na hapo hata mwenye mtoto wa jicho angeona. Hakuwa mtu wa makelele. Alizikunja zote, akamrudishia dobi, akasema wageni wake hawalipi kulala juu ya mawingu ya mvua, na hasara ingekatwa kwenye ujira wake.

Dobi naye hakupiga kelele. Alizibeba kichwani, akapanda mteremko hadi kwenye ua wa kaka yake, akazitua mbele ya wifi yake, ambaye alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama mpaka viwikoni katika rangi ya buluu.

"Wifi," alisema, "ukiniambia ni macho yangu, nitaondoka."

Mama Buluu alizitazama zile shuka. Hakuthubutu kuzigusa kwa mikono ile. Alitamani kusema ni sabuni, au ni jua, au ni kamba ya kuanikia. Badala yake akayatazama maji yaliyokuwa yakitoka uani kwake, yakipita kando ya choo, yakijiunga na mfereji na kuteremka kuelekea kisima cha chini ambako dobi huchota maji.

"Si macho yako," akasema.

Jina la Mama Buluu alipewa na majirani kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo havikuwahi kurudia rangi yake tangu aanze kazi ya kutia vitambaa rangi. Siku alipojifungua, mkunga alishauriwa kwa mzaha avisugue vidole vya mtoto aone kama havichuji. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Kazi ile ilimfaa: beseni uani, mtoto kivulini, mama mkwe mlangoni akimchungia. Maji yakimaliza kazi, anayamwaga mferejini. Kila mtu alimwaga mferejini. Ila maji ya wengine hayakuwa na rangi ya kusema yametoka kwa nani.

Mvua zilipokuwa nyingi, maji yalipita na kusahauliwa. Sasa mvua zilikuwa zimechelewa, kisima kilikuwa kimeshuka, na rangi ikapata pa kukaa.

*

Mwenyekiti wa mtaa aliwasikiliza barazani kwake. Dobi alipewa kigoda. Mama Buluu hakupewa kitu, akabaki amesimama na mtoto mgongoni, akihama mguu mmoja hadi mwingine, na mikono ameificha nyuma chini ya makalio ya mtoto, kwa sababu kila aliyeingia aliitazama mikono kwanza na uso baadaye.

Mwenyekiti aliongea sana. Alisema maji ni uhai, akasema maendeleo ni kitu kizuri lakini yasije na uchafu, akasema hata yeye shati lake la Jumapili lina walakini siku hizi. Alipofika kwenye uamuzi, uamuzi ulikuwa mfupi: kazi ya rangi ifungwe. Mama Buluu akaomba, kwa sauti ambayo alijutia jinsi ilivyotoka ndogo, kwamba ana kitambaa cha kwaya bado hakijaisha, na mume wake ndiyo hivyo wanavyomjua. Walimjua. Alikuwa mpakia mizigo sokoni mpaka ngiri ilipomlaza, na daktari alikuwa amemkataza kuinua chochote kizito kuliko birika.

Aliyemkatiza mwenyekiti alikuwa dobi.

"Mimi sikuja kumnyima kaka yangu chakula," alisema, bila kumtazama wifi yake. "Nataka maji safi tu. Nitaleta foronya nyeupe. Jumamosi nitaifua kwenye maji yake anayomwaga, mbele yenu. Ikitoka nyeupe, atie rangi mpaka uzee umkute. Isipotoka, afunge."

Watu walicheka. Foronya nyeupe kwenye maji ya Mama Buluu ni sawa na kumtuma paka akalinde samaki. Mwenyekiti naye akacheka, akakubali, kwa sababu jambo lililochekesha lilimwondolea lawama.

Nyumbani, mume wake aliyasikiliza yote akiwa amejilaza ubavu. Kisha akasema dada yake ni dada yake na mke wake ni mke wake, na yeye ni mlango: kila anayepita anamsukuma. Mama yake, ambaye ndiye aliyewazaa wawili hao, mwenye kufua na mwenye ngiri, alimwambia kutoka kizingitini kwamba mlango mzuri haulalamiki, unatiwa mafuta bawaba na kunyamaza.

*

Maganda hayakuwa wazo la Mama Buluu. Aliyasikia kwenye masomo ya jioni.

Walisomea katika darasa la watoto, watu wazima wamekaa kwenye madawati mafupi, magoti yakigonga mbao. Mwalimu alikuwa kijana mpole mwenye koti moja. Aliwasomea vitu vya kila namna ili wazoee maneno marefu, na jioni moja aliwasomea makala kuhusu watafiti waliotumia takataka za mimea, maganda ya machungwa, pumba, unga wa mbao, kuvuta rangi kutoka kwenye maji ya viwanda vya nguo. Ganda, mwalimu alisoma, lina vijitundu visivyoonekana kwa macho, na rangi huingia humo ikanasa. Mama Buluu alikuwa ameacha kupumua. Lakini hapo ndipo mtoto alipolia dirishani, mikononi mwa bibi yake, kile kilio cha njaa kisichokubali kubembelezwa, na maziwa yakamchuruzika mama yake hata kabla hajasimama. Alitoka. Aliporudi, wenzake walikuwa wanafanya hesabu za kugawanya.

Basi alikuwa na nusu ya somo, na nusu hiyo aliishika kama mtu aliyeshika ncha ya kamba gizani.

Muuza juisi alimwambia maganda yake yana mwenyewe: kuna mfuga nguruwe huyapitia kila jioni. Akamuuliza kama naye ameanza kufuga. Mama Buluu akamwambia anataka kuyatumia kusafisha maji, na muuza juisi akawageukia wateja wake akawaambia kwamba huyu mama anakwenda kuyaosha maji kwa taka. Walipomaliza kucheka wakakubaliana: angepata maganda kama angemwoshea glasi jioni. Ila aoshee nyuma ya pazia, maana mteja akiviona vile vidole vyake atadhani glasi zina ugonjwa. Mama Buluu alioshea nyuma ya pazia. Alikuwa amechoka uchovu ule wa mtu anayenyonyesha, uchovu unaoanzia kwenye mifupa, na alishukuru angalau pale nyuma kulikuwa na ndoo ya kukalia.

Aliyakausha maganda juu ya bati, akayatwanga. Kisha akayachemsha ili yatakate. Na kwa kuwa alikuwa mtia rangi, na kwa mtia rangi kitu hakijatakata mpaka kimepita kwenye magadi, aliyatilia magadi, ngumi nzima, bila hata kufikiri, kama mtu anavyotia chumvi kwenye maji ya kupikia. Akayashindilia kwenye ndoo aliyoitoboa chini. Akamimina maji ya buluu kwa juu.

Walikaa wakayasubiri, yeye, mama mkwe, na mume aliyejikokota hadi mlangoni. Yalitoka chini buluu ileile, sasa ikiwa na wekundu wa maganda ndani yake, mazito na machafu kuliko yalivyoingia.

"Umetupikia mchuzi," alisema mama mkwe.

Mume alicheka, akashika kinena kwa maumivu, na maumivu yakakigeuza kicheko kuwa hasira. Akasema yatosha. Akasema kesho aende kwa dada yake akamwombe radhi, kitambaa cha kwaya kirudishwe kwa wenyewe, na yeye ataona cha kufanya. Mama Buluu akamuuliza ataona nini. Hakumuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Mume alitazama mikono yake mwenyewe, ile mikono mikubwa ya kubeba magunia, iliyokuwa imekaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

*

Mama Buluu alimkuta mwalimu peke yake darasani, akifuta ubao. Akamweleza: maganda, kuchemsha, magadi, ndoo. Mwalimu alisikiliza mpaka kwenye magadi, akaacha kufuta.

"Mama, kwa nini magadi?"

"Si kutakatisha, mwalimu?"

Mwalimu alitafuta ile makala katika rundo lake. Hakucheka, alisema na yeye asingejua kama asingesoma. Rangi za aina yake, alisema, zikiwa kwenye maji ya magadi hubaki majini. Maji yakitiwa uchachu ndipo ganda huzivuta. Kwa hiyo maganda yachemshwe kwa maji matupu mpaka yaache kutoa wekundu, na maji yale ya buluu yachachushwe kwanza, kwa ndimu, kwa siki, kwa chochote kikali.

"Machungwa yaliyoharibika?"

"Yakiwa machachu, kwa nini yasifae?"

Aliyajua yalipo. Muuza juisi alikuwa na pipa zima ambalo hata nguruwe walilikataa. Akashukuru akiwa tayari yuko mlangoni, na mwalimu, kidole chake bado kiko kwenye ukurasa, akaanza kusema kwamba kuna na jambo jingine pale chini, kuhusu maganda yenyewe yakishatumika. Lakini Mama Buluu alikuwa ameshavuka uwanja, na mtoto mgongoni anarukaruka kama mzigo usiofungwa vizuri.

Safari hii maji yalitoka polepole. Yalikaa muda ndani ya ndoo, na yalipoanza kudondoka yalikuwa na ubuluu hafifu. Akayachuja tena kwenye maganda mapya. Akayachuja tena. Hatimaye akaita mama mkwe aje na lile bakuli lake jeupe la enameli, na ndani ya bakuli lile maji yalikuwa yamekaa tu, kama maji. Mama mkwe aliingiza kidole akakinusa, akasema yananuka machungwa. Mume alisema hebu nione, akaona, akaomba aone tena. Mama Buluu alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akamnyonyesha mtoto, na machozi yakamtoka bila sauti kwa sababu nguvu za kulia kwa sauti hakuwa nazo.

Yale maganda yaliyotumika, mabichi na ya buluu kama kitu kilichotolewa baharini, aliyamwaga nyuma ya choo.

Jumamosi dobi alikuja na foronya. Mwenyekiti aliyachota maji mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu. Dobi aliinama juu ya beseni akaifua kama anavyofua za wateja, hakuipendelea wala hakuionea: akaipikicha kwenye pindo, kwenye kona, akaisuuza, akaikamua, akaianika juani. Watu walisubiri, wengine wamekuja na watoto. Ilipokauka aliitoa kambani akaipeleka karibu na macho, akaigeuza ndani nje. Mume wa Mama Buluu, aliyekuwa amekalia ndoo, alisimama.

"Nyeupe," alisema dobi. Akaikunja, akaitia kwapani, akaondoka bila kumuaga mtu.

*

Mvua ilikuja katikati ya wiki, alasiri, ghafla, kama mgeni anayeingia bila hodi. Mama Buluu alikuwa ndani akikikunja kitambaa cha kwaya. Kilikuwa kimeisha, kizuri, buluu ya kina isiyo na mabaka, na wenyewe wangekuja kukichukua kesho yake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa akiimba, kwa chini, wimbo usio na maneno.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kutoka mlangoni. "Hebu njoo uione mvua yako. Ina rangi."

Lile lundo nyuma ya choo lilikuwa linavuja. Mvua ililipiga, na rangi yote aliyoinasa kwa siku zote zile ilikuwa ikitoka, ikipita kando ya choo, ikiingia mferejini, buluu nzito kuliko aliyowahi kumwaga kwa beseni. Alisimama akaitazama. Ndipo alipoelewa mwalimu alitaka kumwambia nini. Rangi haikufa kwenye maganda. Ilikuwa imehama tu, na sasa imepata usafiri wa kurudi.

Mume alikuja akasimama nyuma yake. Aliongea taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mvua ni kubwa, alisema, itayazimua. Kesho kitambaa kinachukuliwa. Foronya ilishapita mbele ya watu. Nani atajua ni yetu?

Ilikuwa kweli. Angeweza kuufunga mlango. Alikuwa amechoka mno hata wazo la kuufunga mlango lilimjia kama godoro. Lakini alijua leo ni siku gani: mwenye nyumba ya wageni alikuwa amempa dobi shuka tena, kumjaribu mara moja ya mwisho, na asubuhi alimwona akiziloweka.

"Mimi nitajua," akasema. Akamkabidhi mtoto. "Huyu si mzito kuliko birika. Mshike."

Akajifunika gunia kichwani akashuka mteremko, akiteleza, akisimama, akienda sambamba na yale maji ambayo yalimtangulia kila hatua.

Dobi alikuwa kisimani. Kamba ilikuwa mikononi, ndoo inashuka.

"Wifi, usichote," alisema Mama Buluu. Pumzi ilikuwa imemwishia. "Ni mimi tena."

Dobi alimtazama, akautazama mfereji. Kisha akaipandisha ndoo polepole. Ilitoka kavu.

Hakumtukana. Labda naye alikuwa amechoka. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe, na wawili hao wakauchimba ukingo wa mfereji pale pale juu ya kisima, matope yakiwapanda mapajani, wakauelekeza upande wa lile shimo ambalo fundi matofali huchotea udongo. Maji ya buluu yakasita, yakageuka, yakaenda huko. Hapo ndipo dobi alipouliza kwa nini, ikiwa foronya ilitoka nyeupe. Mama Buluu akamweleza yote: lundo, rangi iliyohama, nusu ya somo, kidole cha mwalimu ukurasani.

"Kwa hiyo hayo maganda yakikaa hapo, kila mvua ni hivi."

"Kila mvua."

Dobi aliegemea jembe. Akasema yule wa matofali huchoma tanuri lake kwa pumba na makapi, na mvua inapokuja anahifadhi kwenye banda. Mtu yule angechoma hata viatu vyake kama vingewaka. Hakusema twende. Alikwenda tu kuchukua mabeseni.

Walipanda na kushuka mteremko kwenye mvua ile, mabeseni ya maganda vichwani, maji ya rangi yakiwatiririka shingoni na kwenye mashavu. Fundi matofali aliwatazama wakiingia bandani mwake, akauliza kama wametoka kumzika nani. Walipomweleza, alichukua ganda moja akalifinya, akasema yakikauka yataliwa na tanuri, moto hauulizi rangi.

Walikaa chini ya bati kungoja mvua ipungue. Dobi alijipangusa uso, akatazama kiganja chake: buluu. Alijaribu kukisugua kwenye gauni.

"Haitoki," alisema Mama Buluu. "Nisamehe, wifi."

"Ungenyamaza nisingejua." Dobi bado alikuwa anasugua. "Ningechota, ningeharibu, ningesema ni mkosi wangu." Akaacha kusugua. "Zile shuka za mwanzo bado ninazo. Zimejaa sandukuni kama maiti. Uzitie buluu kabisa, tuziuze. Kama zimeshaanza, zimalize."

Mama Buluu alitaka kucheka, lakini kilichomtoka kilikuwa kama kwikwi.

"Lakini maji yake," dobi aliongeza, "nitayapima mimi."

*

Jioni ya masomo, mwalimu alikuwa ameileta tena ile makala, kwa ombi la mtu mmoja. Alianza upya kutoka juu. Mama Buluu alikaa dawati la mbele, magoti yamegonga mbao, macho yanamuuma kwa usingizi. Mwalimu alisoma kuhusu vijitundu, akasoma kuhusu uchachu, na alikuwa ndiyo kwanza anakaribia pale chini, kwenye habari za maganda yaliyokwisha kutumika, mtoto akalia dirishani.

Ulikuwa ni kilio kilekile. Maziwa yakamchuruzika. Mwili wake ukasimama kabla yake, kama ulivyozoea, akaligeukia dirisha.

Aliyembeba mtoto hakuwa bibi yake. Alikuwa dobi, amemweka begani, anampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichobaki na buluu kwenye mistari yake. Mtoto alikuwa amejaa hasira. Dobi alimtazama wifi yake kupitia nondo za dirisha, akauinua mkono ule, akaushusha polepole, kama mtu anayekandamiza nguo chini ya maji.

Kaa.

Mama Buluu akakaa. Mwalimu alikuwa akimsubiri, kidole ukurasani.

"Endelea, mwalimu," akasema.